Makoti Yaliyoota Vichwa

Fundi hakuweza kukaa karibu na kitambaa bila kukishona. Ukimwachia shuka asubuhi, mchana ni pazia. Ukimwachia pazia, jioni ni gauni, na wewe mwenye pazia utalikuta barabarani linatembea na mtu ndani yake. Jengo zima lilimwita Fundi. Hata mume wake, dereva wa lori la masafa marefu, alipopiga simu kutoka safarini alisema, "Fundi, hamjambo hapo?" Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho, limelala.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Sebule, vyumba viwili, jiko la kupishana kiubavuubavu, na roshani pana iliyopigwa na jua tangu asubuhi. Cherehani ilikaa mlangoni pa roshani, penye mwanga. Fundi alishona akiwa ameipa roshani kisogo. Siku zile roshani ilikuwa tupu, na mahali patupu unaweza kupapa kisogo bila wasiwasi.

Aliishi na wifi yake na baba mkwe. Wifi alikuwa msusi, na mdomo wake ulikwenda kasi kuliko vidole vyake. Baba mkwe, ambaye wote walimwita Mzee, alikuwa fundi bomba mstaafu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu mke wake afariki, hayo machache nayo yalipungua.

Marehemu mama mkwe alifanya kazi miaka mingi katika chumba cha baridi cha kiwanda cha nyama. Huko alivaa makoti mazito ya sufu, ya kijivu, yanayofika magotini. Jioni alirudi mikono yake ikiwa baridi kama bilauri. Halafu alikwenda moja kwa moja uani kwenye nyanya zake.

Nyanya zile hazikuwa za sokoni. Zilikuwa na mikunjo pande zote, kama sketi ya shule. Fundi alipoolewa na kuziona mara ya kwanza, alisema, "Mama, hizi ni nyanya za marinda!" Jina likaganda. Mbegu yake mama mkwe alipewa na mama yake, na mama yake naye alipewa na mama yake. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Kisha mwenye nyumba akajenga juu ya ua ule, familia ikahamia ghorofani, na mama mkwe akaugua. Siku za mwisho, kitandani hospitalini, hakumshika binti yake mkono. Alimshika Fundi.

"Usiiache ikatike," alisema.

"Nini, mama?"

"Nyanya yangu. Niahidi."

Fundi akaahidi. Mkono uliomshika ulikuwa baridi kama zamani, na hapo hapakuwa na chumba cha baridi.

Basi Fundi akabaki na mbegu zilizofungwa kwenye kipande cha kitambaa, na ardhi hana hata ya kujaza kikombe. Mpaka siku moja mteja alipomwonyesha picha kwenye simu. Nyanya zimesimama juu ya paa, na zimeota ndani ya mifuko ya kitambaa.

"Ya kitambaa?" Fundi aliuliza. "Kitambaa hiki hiki, cha kushona?"

"Hicho hicho. Kiwe kizito tu."

Kumwambia Fundi hivyo ni kumwonyesha paka mlango wa jikoni ulio wazi. Jioni hiyo alifungua sanduku la mama mkwe. Makoti yalikuwa yamekunjwa vizuri, mazito, yakinuka baridi.

Mzee alitokea mlangoni. "Usiyaguse hayo."

"Baba, mama aliniachia mbegu. Mbegu zinahitaji mahali. Kitambaa kizito ndicho hiki."

Mzee alimtazama, akayatazama makoti, akaondoka. Tangu hapo hakumsemesha tena. Akiwa na neno, alilipitisha kwa wifi. "Mwambie wifi yako chumvi imezidi." Na Fundi yuko palepale, na kijiko mkononi.

Fundi akashona. Kila koti alilikata likawa mfuko mpana, wenye kitako cha duara. Mikono ya koti hakuitupa. Aliikunja na kuishonea kiunoni, iwe ya kushikia wakati wa kubeba.

Kisha akafikiria maji. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kengele. Wakipiga deki roshani, matone mawili yakimwangukia kwenye nguo alizoanika, alipiga kelele mpaka njiwa wakahama. Wifi alimpa jina la Mama Matone.

"Nitaweka bitana ya nailoni," Fundi akasema. "Nailoni ngumu, toka juu hadi chini. Halitatoka tone."

"Hata mfuko wa udongo unauwekea bitana?" wifi akauliza.

"Wifi, kwangu mimi halitoki koti bila bitana. Nitaonekana mwanafunzi."

Akaishona nailoni kwa ndani, mshono wa kurudia mara mbili. Akanunua udongo mweusi, mzito, uliochimbwa kwenye msingi wa jengo jipya. Akaijaza mifuko, akaipanga roshanini kwa mstari. Akazipanda mbegu zote. Hakubakiza hata moja.

Alipomaliza alirudi nyuma kuitazama kazi yake. Nywele za shingoni zikamsimama.

Yale makoti yalikuwa yamesimama. Udongo uliyapa matumbo na mabega. Mikono iliyokunjwa ilikaa kiunoni. Ulikuwa mstari wa wanawake wa kijivu, mikono kiunoni, bila vichwa. Mama mkwe alisimama hivyohivyo kila alipokuwa anasubiri mtu ajieleze.

"Jamani," wifi alinong'ona. "Mama amekuja, na amejileta wengi."

Wakacheka. Walicheka kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mbegu ziliota. Katika kila shingo kikatokea kijani, kikapanda, kikatanua majani. Fundi aliacha mche mmoja wenye nguvu katika kila mfuko. Sasa makoti yalikuwa na vichwa. Upepo ukipita, vichwa vilitikisika. Ukiwa unashona huku umevipa kisogo, ulihisi kuna watu nyuma yako wanaambizana jambo.

Fundi aligeuza cherehani. Wifi alipouliza kwa nini, alijibu kwamba ni mambo ya mwanga.

Kisha, mchana mmoja wa jua kali, kichwa cha kwanza kikainama.

Majani yalilegea yote kwa pamoja, kama mtu aliyepewa habari mbaya. Fundi alikimbilia ndoo. Aliumwagilia maji mengi. Jioni mche ulikuwa umelala kabisa. Asubuhi aliumwagilia tena. Ulikuwa umekufa. Alipougusa udongo, vidole vyake viliingia kwenye tope baridi.

"Una maji tele," alisema. "Umekufa kwa kiu huku umekaa kwenye maji. Inawezekana vipi?"

Kikainama kichwa cha pili. Fundi akaongeza maji kwa yote. Kikainama cha tatu.

Na sasa makoti yakaanza kuhema.

Wa kwanza kusikia alikuwa Mzee. Alikuwa na desturi ya kuketi mlangoni pa roshani saa za alasiri. Siku hiyo Fundi alimsikia akisema kwa upole, "Umefika?"

"Nani, baba?" wifi aliuliza kutoka jikoni.

"Sikiliza."

Wakasikiliza. Jua lilikuwa limepiga ile mifuko tangu asubuhi. Kutoka kwenye koti la mwisho ilitoka pumzi. Hhhh... polepole, kama mtu aliyepanda ngazi na mzigo. Kisha koti la kando yake. Pamoja na pumzi ikaja harufu, ya kitu kilichofungiwa chini kwa muda mrefu.

Wifi aliangusha sufuria.

Kesho yake ndiye aliyeleta habari mbaya zaidi. Alikwenda kutazama kwa ujasiri, mkono mmoja umeziba pua, akarudi mbio bila kiatu kimoja.

"Wifi! Yana mvi!"

"Nini kina mvi?"

"Makoti! Pale shingoni, juu ya udongo, yameota nywele. Nyeupe, laini, ndefu! Mimi ni msusi, wifi. Nilimsuka mama toka nywele nyeusi mpaka nyeupe. Nywele zake sizijui mimi?"

Fundi alikwenda kuona. Ilikuwa kweli. Juu ya udongo, kuuzunguka mche uliokufa, kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba, zimelala kama zimechanwa. Alipopumua karibu, zilitikisika. Wadudu wadogo weusi waliruka kutoka ndani wakamgusa usoni.

Fundi hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo. Lakini kuamini ni jambo moja, na kuguswa usoni ni lingine.

Usiku huo hakupata usingizi. Siyo kwa sababu ya mvi. Alihesabu kichwani vichwa vilivyobaki, na hesabu ilikuwa fupi. Mbegu nyingine haikuwepo popote duniani. Nyanya iliyopita mikono ya wanawake wote wale ingekatikia mkononi mwake.

Siku chache baadaye ulibaki mche mmoja. Ulikuwa mwishoni mwa mstari, karibu na ukingo wa roshani. Majani yake ya chini yalikuwa ya njano.

Mzee aliita watu sebuleni. "Mwambie wifi yako," alisema, akimtazama wifi, "mke wangu hakupenda mtu aguse makoti yake. Anazichukua nyanya zake moja moja. Kesho asubuhi tunayapeleka makoti tuyazike. Yote, kama yalivyo."

"Baba, kuna mche mmoja bado mzima!" Fundi akasema.

"Mwambie nimesema yote."

Wifi alimwangalia Fundi, akaangalia sakafu. "Amesema yote," alinong'ona.

"Nimesikia, wifi. Masikio ninayo."

Mzee alipoingia chumbani kupumzika, Fundi akakata shauri. Huo mche mmoja atauficha. Atauhamishia jikoni nyuma ya mlango, makoti mengine yazikwe. Alitoka kwenda roshanini. Makoti yalikuwa kimya, mikono kiunoni. Alipita mbele yao kama mwanafunzi aliyechelewa.

Alifika kwenye la mwisho, akaingiza mikono yake ndani ya ile mikono ya koti, akavuta.

Halikusogea. Lilikuwa zito kama mtu mzima asiyetaka kwenda. Akavuta tena. Sufu iliyolowa ikajikaza kwenye viganja vyake. Akataka kuachia, mikono ikakwama. Ilikuwa baridi, na ilikuwa imemshika.

"Mama, niachie!" alipiga kelele. "Nakuomba, niachie!"

Akajitupa nyuma kwa nguvu zake zote. Kitu kikapasuka chini. Koti likahema pumzi moja ndefu, na tumboni mwake yakatoka maji. Maji meusi, mazito, yananuka. Yalienea sakafuni, yakafika ukingoni, yakamwagika chini.

Kisha kutoka ghorofa ya chini ukapanda ukelele ambao ungemfufua mtu yeyote aliyezikwa kimakosa.

Mama Matone hakubisha hodi. Aliingia na kilemba chake kinadondosha maji meusi, mstari mmoja umeshuka puani.

"Leo mtaniambia!" alisema. "Maji ya deki nimevumilia. Haya ni maji gani? Mnafuga nini huku juu?"

Fundi alikuwa amekaa sakafuni, analia. Wifi alikuwa amesimama juu ya kiti, sijui kwa nini. Mzee alitokea chumbani. Mama Matone akapangusa pua, akanusa kidole. Uso wake ukabadilika. Hasira ilitoka, ukaingia udadisi.

"Ngoja," alisema. "Harufu hii naijua. Hii ni mizizi iliyooza."

Akaenda roshanini. Akaona ule mstari wa wanawake wa kijivu, akarudi hatua moja. "Toba! Nani aliyewashona hawa?"

"Mimi," Fundi akasema.

"Unastahili kufungwa jela." Lakini tayari alikuwa amechuchumaa, mkono wake umeingia ndani ya lile koti lililopasuka. Hapo ndipo walipokumbuka kwamba Mama Matone alifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Kila asubuhi walimwona akitoka na mabuti, na hawakuwahi kumuuliza zaidi. Akauvuta mkono. Alishika kipande cha nailoni.

"Hii ni nini?"

"Bitana," Fundi akajibu.

"Bi... nani?"

"Bitana. Ili maji yasikudondokee wewe."

Mama Matone alimtazama Fundi, akaitazama nailoni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, umewazamisha! Umewavalisha koti la mvua kwa ndani na ukawajaza maji!"

"Lakini mimea inataka maji."

"Inataka maji, na inataka hewa. Mizizi inapumua kama mimi na wewe. Maji yakijaa kila mahali, hewa inakosa nafasi. Mizizi inakufa. Ikishakufa, haiwezi kunywa. Ndipo majani yanalegea kama yana kiu. Wewe ukayaona yamelegea ukafanya nini?"

"Nikaongeza maji," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Ukaongeza maji!"

Wifi alishuka kwenye kiti. "Na kuhema je? Yanahema, mama. Tumesikia kwa masikio yetu."

"Alasiri, jua likiwa kali?"

"Ndiyo."

"Vitu vikioza ndani ya maji vinatoa hewa chafu. Imenaswa kwenye tope ndani ya nailoni. Jua likiipasha moto inatanuka, inatafuta tundu la sindano, inatoka. Hhhh."

Aliiga vizuri mno. Wifi alirudi kwenye kiti.

"Na mvi?" aliuliza akiwa juu.

"Ukungu. Unapenda udongo uliolowa wakati wote. Na vile vidudu vinapenda ukungu."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Macho yake yalikuwa kwenye maji meusi yanayotafuta njia sakafuni.

"Mzee wangu," Mama Matone alimwambia, na sauti yake ikashuka, "mfuko wa kitambaa ni kitu kizuri. Uzuri wake wote ni kwamba unavuja. Maji ya ziada yanatoka, hewa inaingia pembeni. Mzizi ukifika kwenye kitambaa unakuta hewa kavu, unasimama, unatoa vijizizi vingine vingi. Kwenye ndoo ya plastiki mzizi unazunguka na kujisokota wenyewe. Binti yako amechagua kitambaa bora. Bitana tu ndiyo imemponza."

"Mche huu utapona?" Fundi akauliza. Hilo ndilo pekee alilotaka kujua. "Ndio wa mwisho. Sina mbegu."

"Hata moja?"

"Nilipanda zote."

Mama Matone akafunga macho kidogo. "Usipande mbegu zote tena maishani mwako. Unasikia? Nusu inabaki kabatini." Akauchimbua mche taratibu. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini kama tambi zilizopikwa kupita kiasi. Ilichomoka vidoleni. "Mizizi hii imekwisha. Lakini nyanya ina jambo lake. Shina lake likizikwa linaota mizizi mipya. Kichwa hiki tukikikata na kukipanda, kinaweza kuishi. Kama uozo haujapanda shinani."

"Tukikate kichwa?" wifi akasema.

"Leta mkasi. Uchemshe kwanza kwenye maji."

Fundi alileta mkasi wake mkubwa, ule wa makoti. Ulipokuwa bado unatoa mvuke wa maji moto, alisikia sauti ambayo haikuwa imemsemesha tangu siku ya sanduku.

"Fundi."

Ilikuwa ya Mzee. Na haikupitia kwa mtu.

"Umemkata makoti. Sasa unamkata na kichwa?"

Fundi alishika mkasi kwa mikono yote miwili. "Baba, nisipokata, kesho hatuna kitu cha kuzika wala cha kula. Mama aliniomba isikatike. Nikikata, labda itabaki."

Mzee akapiga magoti kwenye yale maji meusi, na suruali yake safi. "Basi shina nilishike mimi," alisema. "Wewe kata."

Alilishika shina kwa vidole viwili, kama alivyoshika bomba dogo zamani. Fundi akakata karibu na chini.

Katikati ya shina kulikuwa na duara la kahawia.

"Umepanda," Mama Matone akasema. "Kata juu zaidi."

Akakata juu. Kahawia, lakini hafifu.

"Juu zaidi."

Kishada kilichobaki cha majani kingeenea kwenye kiganja. Fundi akakata. Wote wakainamisha vichwa kuangalia.

Kijani kibichi, na cheupe katikati. Safi.

"Haya!" Mama Matone akapiga kofi. "Na hapa kwapani mwa jani kuna chipukizi. Hilo nalo likate. Sasa una miche miwili."

Mambo mengine yalikwenda haraka. Fundi aliifumua nailoni yote kwa wembe, mshono kwa mshono, ule wa kurudia mara mbili. Ilimuuma kama anavua watu nguo. Makoti yalifuliwa kwa maji moto na kuanikwa juani. Ule udongo mzito waliuondoa. Mama Matone alileta mchanganyiko kutoka kitaluni: udongo, mboji iliyoiva, na maganda ya mpunga ya kuufanya uwe mwepesi. Akawaambia wauminye mkononi. Ukishikana kidogo halafu ukavunjika, unafaa. Ukitoka maji au ukiganda kama tofali, haufai.

Ile miche miwili ilipandwa mpaka karibu na majani, shina lizikwe lote.

"Na matone yangu je?" Mama Matone akauliza. "Sasa mifuko itavuja kweli."

Mzee alikohoa. "Hilo niachie."

Alitoa vifaa vyake uvunguni mwa kitanda. Alipasua bomba la plastiki katikati kwa urefu, likawa mfereji. Akainua mifuko juu ya matofali ili hata vitako vipate hewa. Mfereji ukapita chini yake ukielekea kwenye ndoo. Alipima mwinamo kwa jicho moja limefungwa. Tone la kwanza lilipoteleza mpaka kwenye ndoo, alitabasamu, na wifi akamshika Fundi mkono kwa nguvu, maana hawakuwa wameona jambo hilo siku nyingi.

Lakini vichwa viwili vilikuwa vimelala. Siku ya kwanza vimelala. Ya pili, vimelala. Mzee aliketi kando yake na mwavuli, akivikinga na jua. Fundi alitamani kumwagilia, mkono ukimwasha.

"Kidole kwanza," Mama Matone alikuwa amemwambia. "Kiingize udongoni mpaka kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, ondoka. Ukihisi pakavu, mwagilia mpaka chini yaanze kudondoka, uache."

Basi alikuwa anaingiza kidole, anahisi unyevu, anaondoka. Alirudi kushona huku akisikiliza. Roshani ilikuwa kimya kabisa. Hakuna pumzi. Kimya hicho kilimtisha kuliko kuhema.

Asubuhi moja alitoka na kuvikuta vimesimama.

Vyote viwili. Vimenyooka, vinamtazama mlangoni, kana kwamba vilikuwa vinamngoja yeye aamke. Fundi alishika kifua. Halafu akapiga yowe la furaha, na Mama Matone akajibu kutoka chini, "Nimesikia! Usimwagilie!"

Miche ilinenepa. Kila chipukizi la kwapani lililotoka, Fundi alilikata na kulipanda kwenye koti jingine, mpaka mstari ukakamilika. Joto lilipopamba moto aligundua kitambaa kinakauka haraka, kwa hiyo wakati mwingine alimwagilia kila siku. Juu ya udongo alitandaza majani makavu ya kuzuia jua. Mboji aliongeza kiganja kimoja kila baada ya wiki mbili, kwa sababu maji yanayotoka huondoka na chakula. Maji ya kwenye ndoo aliyarudisha kwenye mifuko.

Nyanya ya kwanza ilipoiva, nyekundu, yenye marinda yake pande zote, Mzee aliichuma mwenyewe. Akaikata, akampa Fundi kipande cha kwanza.

"Kula, mwanangu," alisema.

Walikula wote wakiwa wamesimama, maji yakiwachuruzika viwikoni. Wifi alisema chumvi haijazidi. Mzee akamwambia anyamaze.

Nyanya nzuri kuliko zote hawakuila. Fundi alitoa mbegu zake, akaziacha kwenye maji siku chache mpaka ute unaozizunguka ukatoka, akaziosha, akazianika kivulini. Kisha akazigawa. Nusu kabatini. Nyingine kwa Mama Matone. Nyingine kwa kila mlango wa jengo, na fungu moja akampa mume wake abebe kwenye lori, awape watu wa mbali. Nyanya ile haikuwa tena mkononi mwa mtu mmoja.

Na kila aliyepewa mbegu alikuja na kitambaa.

"Nishonee mfuko, Fundi. Bila bitana!"

Mmoja alileta gunia. Mwingine alileta koti la suti ya harusi, akisema mwenye suti hayupo na harusi nayo haipo. Mama Matone alileta suruali nzito ya mume wake. Fundi aliifunga chini, akaijaza. Mguu mmoja ukapandwa mchicha, wa pili pilipili, na ikakalishwa kitini kwenye roshani, miguu imepandishwa mmoja juu ya mwenzake. Wa ghorofa ya pili alitaka mfuko mkubwa kuliko yote, akapanda mlimao ndani yake.

Jioni moja Fundi alikuwa anarudi kutoka dukani na mfuko wa nyuzi. Alipofika mtaani mbele ya jengo, akainua macho.

Kwenye kila roshani walikuwa wamesimama. Wanawake wa kijivu, wanaume wa magunia, bwana harusi asiye na harusi, mikono kiunoni, vichwa vyao vya kijani vimejaa. Mpita njia mmoja aliwaona, akavuka barabara haraka bila kutazama nyuma. Upepo ukapita kwenye jengo kutoka chini mpaka juu. Wote, ghorofa kwa ghorofa, wakaitikia kwa kichwa.

Fundi alisimama katikati ya njia, akaitikia naye. Kisha akapanda ngazi kwenda kuingiza kidole udongoni.